Malipo ya kukosa kazi yamekwama Marekani: usubiri, uombe uamuzi uangaliwe upya, au ukate rufaa?

Ukipoteza kazi Marekani ukadai malipo ya kukosa kazi, ushauri utaupata bure na kwa wingi, hasa pesa zikichelewa. Mmoja atakuambia tulia, hao kuchelewa ni kawaida yao. Mwingine atasema wapigie simu kila asubuhi mpaka wakuchoke. Wa tatu, ambaye shemeji yake aliwahi kulipwa, atakusukuma ujaze fomu nyingine. Wa nne atasema kata rufaa leo leo. Kila mmoja anaweza kuwa sahihi, ila kwa mtu tofauti. Kinachoamua ni swali ambalo washauri hawa kwa kawaida hawaulizi: umeshapata barua ya uamuzi?

Kama hujapata, hakuna cha kukatia rufaa. Dai lako liko kwenye foleni au limeshikiliwa mahali, na kazi yako ni kujua limeshikwa na nini. Barua ikishafika na imekunyima, habari ya foleni imekwisha. Sasa kuna tarehe ya mwisho, na siku unazomaliza kwenye simu zinakatwa kwenye muda wako wa rufaa. Kulalamika kwa mhudumu, hata akiandika kila neno, kwa kawaida hakuhesabiwi kuwa rufaa.

Jambo la kujua kabla ya kulinganisha chochote: hakuna ofisi moja ya Marekani nzima. Mfumo huu ulitokana na Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya 1935. Serikali ya shirikisho iliweka masharti ya jumla, kila jimbo likaendesha mpango wake. Leo kuna mipango 53: majimbo 50, Washington D.C., Puerto Rico na Visiwa vya Virgin vya Marekani. Ndiyo maana ushauri wa ndugu yako aliye California unaweza kukuponza wewe uliye Texas. Muda wa kukata rufaa ya kwanza ni siku 30 California na New York, siku 21 Ohio, siku 20 Florida, na siku 14 tu Texas. Mara nyingi siku hizo huanza kuhesabiwa tarehe barua ilipotumwa, ile iliyochapwa juu yake, wala si siku ulipoifungua. Kama umehama nyumba baada ya kupoteza kazi, na wengi huhama, badilisha anwani kwenye akaunti yako ya ofisi ya ajira kabla hujafanya jambo lingine lolote.

Bado hakuna barua: kusubiri au kufuatilia

Kanuni za shirikisho zinayapima majimbo kwa kasi ya malipo ya kwanza. Asilimia 87 ya malipo hayo inatakiwa kutoka ndani ya siku 14 baada ya wiki ya kwanza inayolipwa kumalizika, au siku 21 kwa majimbo yasiyo na wiki ya kungoja, yaani ile wiki ya mwanzo isiyolipwa. Hicho ni kipimo cha jimbo zima, hukuahidiwa wewe binafsi. Mwishoni mwa Machi 2020 madai mapya yalipita milioni 6 kwa wiki moja, na hapo kipimo hakikumsaidia mtu. Ila katika nyakati za kawaida kinakupa mstari wa kuamulia. Ndani ya wiki tatu za mwanzo, subiri. Zikipita na hujalipwa wala hujaandikiwa barua, fuatilia.

Hata hivyo sababu ya kuchelewa ina uzito kuliko hesabu ya wiki. Kuna ucheleweshaji unaomngoja mwajiri. Wewe umeandika kwamba ulipunguzwa kazini, yeye kaandika kwamba uliacha mwenyewe, na ofisi lazima ihoji pande zote mbili. Hapo kusubiri kuna maana, mradi ukipigiwa simu ya mahojiano uipokee, hata kama namba huijui.

Kuna ucheleweshaji wa mishahara isiyoonekana. Ofisi huangalia mapato yako katika kipindi cha msingi, ambacho kwa kawaida ni robo nne za kwanza kati ya robo tano za mwisho za mwaka (kila robo ni miezi mitatu) zilizokamilika kabla hujadai. Kama ulifanya kazi majimbo mawili, au bosi alikulipa kana kwamba wewe ni mkandarasi wa kujitegemea ilhali ulikuwa mfanyakazi wake kama wengine, mishahara hiyo haitajitokeza yenyewe. Ukikaa kimya, utakadiriwa kiwango kidogo au utanyimwa kabisa.

Halafu kuna ule wa utambulisho, na hapa sisi wahamiaji tuna balaa letu. Mtu ana majina matatu nyumbani. Kadi ya hifadhi ya jamii imebeba mawili, kibali cha kazi kimebeba yote matatu kwa mpangilio mwingine, na karani wa kiwandani aliandika jina la babu kama jina la ukoo. Wakimbizi wengi wamesajiliwa wamezaliwa tarehe 1 Januari, ilhali cheti cha shule kinasema vingine. Asiye raia anakaguliwa pia kwenye mfumo wa shirikisho unaoitwa SAVE kuthibitisha kwamba ana ruhusa ya kufanya kazi. Dai likikwama hapo, subira haisaidii chochote, kwa sababu ofisi ndiyo inayokungoja wewe upeleke hati. Fungua akaunti, soma ujumbe wote hata ule unaofanana na tangazo, upakie kinachotakiwa.

Njia za kufuatilia nazo hazilingani. Simu ni ya kuchosha, lakini ndiyo njia ya kumpata mtu anayeliona faili. Usimuulize "dai langu limefikia wapi?" kwa sababu jibu ni "linashughulikiwa". Muulize: "Limeshikiliwa kwa suala gani, na mnangoja nini kutoka kwangu?" Andika tarehe, jina la mhudumu na alichosema. Ujumbe wa mtandaoni hujibiwa polepole, faida yake ni kwamba unaacha kumbukumbu.

Njia ambayo wengi wetu hawaijui ni ofisi ya mbunge wa jimbo. Nasema wa jimbo, si yule wa Washington, kwa kuwa mpango huu unaendeshwa na jimbo. Wengi wao wana wafanyakazi ambao kazi yao ni kuwasaidia wakazi wa eneo waliokwama na ofisi za serikali, na hawakuulizi kama unapiga kura. Kwa dai lililokwama wiki nyingi bila maelezo, mimi ningeanzia hapo baada ya simu mbili tatu kushindwa. Kwa dai lililokataliwa, usitarajie mengi. Mbunge anaweza kusukuma faili lisogee, hawezi kubadilisha uamuzi.

Unaposubiri, na hata ukishakata rufaa, endelea kujaza ripoti yako ya kila wiki au kila wiki mbili, kama jimbo lako linavyotaka. Watu huacha kwa sababu ya hasira: wamenikatalia, nijaze za nini? Baadaye wanashinda rufaa na kugundua kwamba wiki ambazo hawakuzijaza huenda wasilipwe. Taja pia kila kibarua ulichofanya na ulicholipwa kabla ya makato. Kati ya kukataa kazi ya muda ili kulinda dai na kuifanya huku ukiitaja, chagua ya pili: majimbo hupunguza malipo ya wiki hiyo kwa hesabu yao, na rekodi yako inabaki safi. Kibarua ambacho hukukitaja ndicho kinachogeuka kuwa kesi ya udanganyifu.

Na tumbo haliijui rufaa. Namba 211 hukuunganisha na misaada ya kodi ya nyumba na chakula katika maeneo mengi ya nchi. Ombi la SNAP, msaada wa chakula wa serikali, kwa anayestahili, linatakiwa kujibiwa ndani ya siku 30, na ndani ya siku 7 kwa wenye hali mbaya zaidi. Usingoje dai la kazi lijibiwe ndipo uombe hayo.

Kufungua dai jipya

Mara nyingi hapana. Dai lililokubaliwa hudumu mwaka mmoja wa mafao. Ukijaza lingine juu yake unaleta mkanganyiko, faili mbili zenye majibu yanayotofautiana, na sababu mpya ya kushikiliwa. Lina maana katika hali chache: mwaka wa mafao umekwisha, au ulinyimwa kwa sababu mapato ya kipindi cha msingi hayakutosha na sasa robo mpya ya mwaka imeanza. Hilo la pili ni zuri kulijua. Robo huanza Januari, Aprili, Julai na Oktoba, na kila inapoanza kipindi cha msingi husogea mbele. Aliyenyimwa mwishoni mwa Machi kwa mapato madogo anaweza kustahili mwanzoni mwa Aprili bila kugombana na mtu. Kama ulirudi kazini kidogo ukapunguzwa tena, kwa kawaida unafungua upya dai lilelile la zamani.

Barua imefika: kuangaliwa upya au rufaa

Hapa ndipo penye uchaguzi wenyewe. Kuangaliwa upya ni kuirudia ofisi ileile iliyokunyima, kwa karatasi, ukisema mmekosea hapa. Rufaa inalitoa jambo ofisini na kulipeleka kwa hakimu wa utawala. Sheria ya 1935 yenyewe inadai kwamba anayenyimwa apate nafasi ya kusikilizwa kwa haki mbele ya chombo kisichoegemea upande.

| | Kuangaliwa upya | Rufaa |
|---|---|---|
| Anayeamua | Ofisi ileile | Hakimu wa utawala |
| Kunafaa kwa | Mishahara iliyosahaulika, namba iliyokosewa, hati iliyokuja baadaye | Ubishi juu ya kwa nini uliondoka kazini, tuhuma za udanganyifu |
| Unazungumza? | Mara chache | Ndiyo, kwa kiapo, na inarekodiwa |
| Hatari | Muda wa rufaa unaweza kuendelea kukimbia | Usipohudhuria, kwa kawaida inatupwa |

Kosa la hesabu linamalizika haraka zaidi kwa kuangaliwa upya. Peleka stakabadhi za mshahara na fomu ya W-2 (taarifa ya mwaka ya mshahara na kodi anayokupa mwajiri), basi. Lakini pale mwajiri anaposema ulivunja kanuni nawe unasema hukuvunja, karatasi zaidi kwa ofisi ileile ni kujizungusha. Hakimu hafungwi na alichoamini mhudumu wa simu. Husikiliza upya na kuamua kwa ushahidi uliotolewa mbele yake.

Ule mstari wa mwisho wa jedwali, wa hatari, ndio unaoumiza. Majimbo mengi hayasimamishi saa ya rufaa eti kwa sababu umeomba uangaliwe upya. Michigan ina hatua rasmi ya kupinga kwanza ofisini, uamuzi wa pili hutolewa, ndipo rufaa. Kwingine unaenda moja kwa moja kwa hakimu. Kama barua yako haielezi wazi kwamba kupinga ofisini ni hatua ya lazima, kata rufaa ndani ya muda na uambatishe hati zako hapohapo. California, kwa mfano, ofisi huipitia rufaa kabla ya kuipeleka kwa mahakimu na inaweza kujirekebisha yenyewe. Unapata vyote viwili bila kupoteza tarehe.

Barua ya rufaa iwe fupi. Jina, namba ya dai, tarehe ya uamuzi, na sentensi mbili: sikubaliani na uamuzi huu, naomba kusikilizwa. Wapo wanaopenda kumwaga kila kitu, kuanzia siku msimamizi alipowatazama vibaya. Mimi sipendi. Unachoandika leo kwa uchungu utaulizwa baadaye chini ya kiapo, na tarehe moja ikipishana na ulivyosema kwenye simu, mwajiri ataishikilia hiyo.

Kupima kama rufaa ina uzito, uliza nani anabeba mzigo wa kuthibitisha. Ulipofukuzwa, kwa kawaida mwajiri ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba ulifanya utovu wa nidhamu. Kushindwa kufikia kasi ya mashine au kukosea bila kukusudia mara nyingi si utovu wa nidhamu kwa maana ya sheria hizi, hata kama ni sababu halali ya kukuachisha kazi. Watu wengi hawajui tofauti hiyo. Wanakiri "ni kweli nilikuwa mzito" wakadhani wamekwisha. Ulipoacha mwenyewe, mzigo unahamia kwako: uonyeshe sababu nzito, na kwamba ulijaribu kuitatua kabla ya kuondoka. Ujumbe uliomwandikia msimamizi kuomba kubadilishiwa zamu una thamani kuliko maelezo ya nusu saa.

Kuna jambo lingine linalowapa wadai nguvu bila wenyewe kujua. Mwajiri mara nyingi humtuma mtu wa ofisi ya wafanyakazi ambaye hakuwepo siku ya tukio na anasoma faili. Wewe ulikuwepo. Ushahidi wa aliyeona kwa macho huwa na uzito kuliko wa aliyesimuliwa, ila ni lazima uwepo uutoe.

Kwa anayedhani rufaa ni kupoteza muda, aangalie Michigan. Kati ya 2013 na 2015, mfumo wa kompyuta wa jimbo hilo uitwao MiDAS ulituhumu watu wapatao 40,000 kwa udanganyifu, na tuhuma nyingi mno zilikuja kuonekana si za kweli. Maswali yalitumwa kwenye akaunti za mtandaoni ambazo wengi walikuwa wameshaacha kuzifungua, ukimya wao ukachukuliwa kuwa ni kukiri. Mwaka 2022 jimbo lilikubali kulipa dola milioni 20 kumaliza kesi ya waathirika.

Kuhusu muda: kanuni za shirikisho zinataka asilimia 60 ya rufaa za ngazi ya kwanza ziamuliwe ndani ya siku 30, na asilimia 80 ndani ya siku 45. Rufaa zikirundikana, inakuwa miezi.

Siku ya kusikilizwa

Rufaa nyingi husikilizwa kwa simu. Ukipewa nafasi ya kuchagua, kufika ana kwa ana kunafaa pale kesi inaposimama juu ya nani anaaminika. Simu inatosha pale kila kitu kipo kwenye karatasi. Soma notisi ujue kama hakimu atakupigia au wewe ndiye wa kupiga. Hati zako mtumie hakimu na mwajiri kabla ya siku.

Mkalimani muombe siku ileile unapokata rufaa, si siku ya kusikilizwa. Ni huduma ya bure: ofisi hizi zinapokea fedha za shirikisho, na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inazibana zimhudumie asiyejua Kiingereza vizuri. Usimtumie mwanao. Taja pia Kiswahili chako ni cha wapi. Mtu wa Bukavu akipewa mkalimani wa Zanzibar wataelewana kwa salamu na mengi mengine, lakini neno moja la kiwandani likipotea linaweza kubadilisha jibu. Usipoelewa, sema sijaelewa. Kuitikia "ndiyo" kwa heshima huku hujaelewa kunaingia kwenye rekodi kama ndiyo.

Heshima ina mtego mwingine. Tumelelewa tusimkatize mkubwa wala kumbishia hadharani, na bosi ni mkubwa. Anaposema uongo tunakaa kimya, tukiamini ukweli utajulikana. Hakimu hana njia ya kuujua. Utapewa zamu ya kumuuliza mwajiri maswali, na ni haki yako. "Wewe ulikuwepo siku hiyo?" ni swali fupi lisilo na utovu wowote.

Mwenyewe au na mwanasheria? Kesi ya kawaida ya kufukuzwa unaweza kuiendesha mwenyewe. Tafuta msaada ukituhumiwa udanganyifu, ukidaiwa kurudisha pesa nyingi, au mwajiri akija na wakili. Ofisi za msaada wa kisheria zinazofadhiliwa na serikali ya shirikisho huwapokea wenye kipato kidogo, wakiwemo wakimbizi na wenye ukaazi wa kudumu. Ukimlipa mtu, uliza kwanza: katika majimbo mengi ada hiyo lazima iidhinishwe na chombo cha rufaa.

Ulishinda, mwajiri akakata rufaa

Malipo hayatakiwi kusimamishwa kwa sababu hiyo tu. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1971 katika kesi iliyotoka California, ijulikanayo kama Java. Ila ukishindwa, unaweza kudaiwa ulichokwisha kupokea. Hapo uchaguzi unakuwa kati ya kukata rufaa na kuomba usamehewe deni. Rufaa inasema hili deni si sahihi. Msamaha unasema hata likiwa sahihi, halikuwa kosa langu na kulipa kutaniumiza. Mara nyingi unaweza kuomba vyote viwili. Aliyeandikiwa neno udanganyifu hana njia ya msamaha mpaka aliondoe neno hilo kwanza kwa rufaa.

Rufaa ya ngazi ya pili, kwenye bodi au tume ya jimbo, huwa tofauti kabisa na ya kwanza. Kwa kawaida hawasikilizi mashahidi wapya, wanasoma rekodi iliyopo. Kwa hiyo ile hati uliyosema utaitunza kwa ajili ya baadaye, itoe mapema. Baada ya bodi ni mahakama, na hapo nenda na mwanasheria.

Na ukikuta muda umeshapita, peleka rufaa hivyohivyo pamoja na sababu ya kuchelewa: barua ilienda anwani ya zamani, ulilazwa hospitali, ofisi ilikupa tarehe isiyo sahihi. Hakimu ataanza na swali la kuchelewa, na akiridhika anaweza kuingia kwenye dai lenyewe siku hiyohiyo, kwa hiyo andaa ushahidi wa yote mawili.